Mguso wa Pili: Safari Ndefu ya John Newton

Somo: Marko 8:22–25



Jumapili iliyopita tulisoma habari za kipofu wa Bethsaida, na wengi wenu mlibaki na swali moja. Kwa nini Yesu alimgusa mara mbili? Bwana aliyemwita Lazaro akatoka kaburini, angeshindwaje na macho ya mtu mmoja? Hakushindwa. Lakini yule mtu, baada ya kuguswa mara ya kwanza, alikuwa ameanza kuona na bado hakuwa anaona sawasawa. Watu waliokuwa mbele yake aliwaona kama miti. Ilibidi aguswe tena ndipo akaona kila kitu wazi.

Nilisema siku hiyo kwamba kuna mtu ambaye maisha yake ni mahubiri kamili ya hiyo mistari minne, na kwa kuwa muda ulikwisha nikaahidi kuandika habari zake hapa. Mtu huyo ni John Newton, aliyeandika wimbo wa Amazing Grace. Wimbo wake tunauimba kwenye kesha, kwenye matanga na kwenye ibada za shukrani, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama. Wengi wetu tunajua hadithi yake kwa ufupi: alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampata, akaokoka, akaiacha ile biashara, akaandika wimbo. Hadithi tamu, lakini mambo hayakwenda hivyo. Ukweli ni mrefu zaidi na unauma zaidi, na mimi naamini ndio unaotufaa.

Mtoto wa mama mwombaji

Newton alizaliwa mwaka 1725 katika mtaa wa Wapping, London, karibu na bandari ya mto Thames. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mtu mkali asiyekaa nyumbani. Aliyemlea ni mama yake, Elizabeth. Huyo mama alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, lakini nguvu kidogo alizokuwa nazo alizimimina kwa mtoto. Alimfundisha kusoma akiwa mdogo sana, akamkaririsha Maandiko na nyimbo za injili, na alitamani siku moja awe mhubiri. Akafariki mwaka 1732, Newton akiwa hajatimiza hata miaka 7. Akina mama mnaoombea watoto na hamuoni kitu, hilo liwekeni moyoni. Tutalirudia.

Akiwa na miaka 11 alianza kusafiri na baba yake baharini, na huko akaharibika. Alikuwa na mdomo mchafu hata mabaharia wenyewe wakashangaa. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika manowari ya jeshi la Uingereza, maana siku hizo ndivyo vijana walivyochukuliwa. Akatoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake na kuvuliwa cheo. Moyo ukawa mgumu kabisa. Alikana imani ya mama yake, na hakuridhika kupotea peke yake. Akawa anawavuta wengine nao waikane.

Kutoka manowari hiyo alihamishiwa meli ya biashara ya watumwa iliyokuwa inaelekea Afrika Magharibi. Huko akabaki kumtumikia Mzungu mmoja mfanyabiashara wa watumwa kwenye visiwa vya Plantain, pwani ya Sierra Leone. Alidhani atatajirika. Badala yake akapatwa na homa, akanyimwa chakula, akavaa matambara, akawa anadharauliwa na kila mtu pale.

Sasa, mpendwa, hapa kuna jambo ambalo nataka usome polepole. Wakati Newton anakufa njaa, baadhi ya waliomlisha walikuwa watumwa waliofungwa minyororo. Wao wenyewe walikuwa wanapewa chakula kidogo, lakini walimpelekea sehemu yake kwa siri. Hili aliliandika mwenyewe. Watu waliokuwa wanangoja kuuzwa walimwona kijana mgeni mwenye njaa, wakamhurumia. Walimwona kama mtu. Yeye bado hakuwa amewaona.

Usiku wa dhoruba

Baba yake alituma ombi kwa rafiki aliyekuwa na meli Liverpool ili kijana atafutwe. Meli iliyoitwa Greyhound ikampata mwaka 1747. Katika safari ya kurudi nyumbani, usiku wa tarehe 10 Machi 1748 kwa kalenda ya wakati huo, dhoruba kali ikaipiga meli hiyo katika Atlantiki ya kaskazini. Maji yakaingia hadi chumba alichokuwa amelala. Alipokuwa akipanda ngazi, nahodha akamtuma arudi kuleta kisu, na mwenzake aliyepanda mbele yake akachukuliwa na wimbi palepale. Ubavu wa meli ulikuwa umepasuka. Walipiga pampu usiku kucha, wakaziba matundu kwa nguo na matandiko yao. Kilichosaidia meli isizame ni kwamba shehena yake ilikuwa na nta ya nyuki na mbao, vitu vyepesi kuliko maji.

Katikati ya kazi hiyo Newton alijisikia akitamka ombi la rehema, na akashtuka kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Halafu akajiuliza, mtu kama mimi ninahurumiwa vipi? Aliposhika usukani, saa nyingi mfululizo, maandiko ya mama yake yakaanza kurudi moja moja. Miaka 16 mama alikuwa kaburini, lakini mbegu ilikuwa hai. Mwezi mmoja hivi baadaye meli ikafika Ireland, chakula kikiwa kimekwisha. Tangu hapo hadi uzeeni Newton aliikumbuka siku ile kila mwaka kwa maombi.

Huo ulikuwa mguso wa kwanza. Ulikuwa wa kweli, mimi sina shaka. Aliacha matusi. Akaanza kusoma Agano Jipya na kuomba. Lakini angalia kilichofuata.

Maombi juu, minyororo chini

Mwaka uleule wa 1748 Newton alirudi Afrika Magharibi, safari hii akiwa msaidizi mkuu wa nahodha kwenye meli ya watumwa. Mwaka 1750 alimwoa Mary Catlett, msichana aliyempenda tangu ujana. Na kuanzia 1750 hadi 1754 yeye mwenyewe akawa nahodha, akafanya safari tatu. Alinunua watu pwani ya Afrika, akawavusha bahari, akawauza katika visiwa vya Karibi.

Sasa picha iko hivi. Jumapili nahodha Newton anakusanya mabaharia wake juu ya sitaha kwa ibada, mara mbili kwa siku. Anawasomea sala. Akiwa chumbani mwake anasoma Biblia na kumwandikia mkewe barua za upendo. Na chini ya mbao alizozikanyaga kuna wanaume, wanawake na watoto. Wanaume wamefungwa wawili wawili kwa pingu za miguu, wamelazwa wamebanana, hewa nzito, joto, kinyesi, wagonjwa wanafia kando ya wazima. Daftari lake la safari lipo hadi leo. Desemba 1752, aliposhuku njama ya uasi, aliwabana wavulana vidole gumba kwa vyuma ili waseme wanachokijua. Aliandika hayo kama mtu anavyoandika hali ya hewa.

Huyu ni mtu aliyeokoka, wapendwa. Hakuwa anajificha. Hakuwa mnafiki kwa maana tunayoijua sisi, ya mtu anayejua ubaya wake na kuufunika. Alikuja kusema baadaye kwamba wakati ule dhamiri haikumsumbua juu ya uhalali wa kazi ile. Aliona inachosha, inafanana na kazi ya askari jela, na aliomba Mungu ampe nyingine yenye utu zaidi. Lakini dhambi? Hakuiona. Biashara ilikuwa halali kisheria, watu wenye heshima mjini ndio waliokuwa na hizo meli, na wengi wao walikaa viti vya mbele kanisani. Aliporudi kutoka safari ya mwisho bila kufiwa na hata mtu mmoja, alimshukuru Mungu kanisani kwa safari njema.

Alikuwa anaona watu kama miti.

Tena nataka tuwe wakweli kuhusu namna alivyotoka. Hakutoka kwa sababu ya toba. Mwishoni mwa 1754, siku chache kabla ya safari nyingine, alianguka ghafla kwa ugonjwa akiwa anakunywa chai na mkewe, na madaktari wakamkataza kusafiri. Mungu alimtoa kwenye meli kabla hajaitoa meli moyoni mwake. Wakati mwingine Bwana hufanya hivyo. Anafunga mlango, na sisi tunanung'unika, kumbe anatuondoa mahali ambapo sisi wenyewe tusingeondoka.

Miaka ya kukua

Mwaka 1755 alipata kazi ya forodha bandarini Liverpool. Hapo akawa mwanafunzi wa Neno. Alijifunza Kigiriki na Kiebrania mwenyewe, akasikiliza wahubiri wa uamsho wa siku zile, George Whitefield na John Wesley. Akasikia mwito wa kuhubiri, lile ombi la mama yake. Mwaka 1758 akaomba kuwekewa mikono katika Kanisa la Uingereza, akakataliwa. Hakuwa na masomo ya chuo kikuu. Alingoja karibu miaka 6 hadi 1764, ndipo akapewa kanisa katika mji mdogo wa Olney, kati ya maskini waliofuma kamba za urembo wa nguo.

Pale alikuwa mchungaji wa kweli. Aliwatembelea watu vibandani mwao, akaanzisha mikutano ya watoto na ya maombi. Aliishi jirani na mshairi William Cowper, mtu aliyesumbuliwa sana na huzuni ya akili, na miaka nenda miaka rudi hakumwacha. Waliandika nyimbo pamoja kwa ajili ya mikutano ya maombi. Kwa ibada ya tarehe 1 Januari 1773 Newton aliandaa wimbo kutokana na sura ya 17 ya Mambo ya Nyakati ya Kwanza, pale Mfalme Daudi anapoketi mbele za Bwana na kushangaa jinsi alivyotolewa mbali. Ndio wimbo huo unaoujua. Tuni tunayoimbia ilikuja kuunganishwa na maneno yake Marekani mwaka 1835, yeye akiwa amekwisha kulala.

Lakini hesabu miaka. Wimbo huo aliuandika miaka 18 baada ya kuacha bahari, na hadi siku hiyo hakuwa amesimama hadharani kuipinga biashara ya watumwa. Unaweza kuandika wimbo ambao dunia nzima itauimba, na bado kuna chumba moyoni ambacho taa haijafika.

Mguso wa pili

Mwaka 1780 Newton alianza kuhudumu katika kanisa la St Mary Woolnoth, katikati ya London. Desemba 1785 kijana mmoja mbunge alimwendea kwa siri, akihofia kuonekana. Alikuwa William Wilberforce, miaka 26, ameguswa na injili na anafikiria kuacha siasa. Wachungaji wengi wangefurahi kumpata mtu mkubwa hivyo aje awe mhubiri. Newton alimshauri abaki Bungeni, kwa sababu Mungu angeweza kumtumia palepale. Miaka miwili baadaye Wilberforce akawa amebeba mzigo wa kupigania mwisho wa biashara ya watumwa.

Na Newton? Mwanzoni mwa 1788 alitoa kijitabu kuhusu biashara hiyo. Alikuwa na miaka 62. Alieleza kila kitu: jinsi watu walivyonunuliwa, walivyopangwa melini, walivyoteswa, jinsi wanawake walivyofanyiwa na mabaharia. Hakusema walifanya wao. Alijitaja mwenyewe kuwa mshiriki, akakiri kwamba ungamo lake limechelewa sana na kwamba moyo wake unatetemeka akikumbuka. Kisha akaenda mbele ya wakubwa wa serikali na kamati ya Bunge kutoa ushahidi. Wafanyabiashara walikuwa wanadai kwamba watumwa wanasafirishwa vizuri. Hapa alisimama mchungaji mzee, anayeheshimiwa, aliyekuwa nahodha wa meli hizo, akasema alichokiona na alichokifanya. Nani angemwita mwongo?

Tangu dhoruba hadi kile kijitabu ni miaka 40.

Sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza ilipitishwa tarehe 25 Machi 1807. Newton alikuwa mzee, macho yamefifia, kumbukumbu inampotea, lakini aliishi hadi kusikia. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82. Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe, na hakutaka yafiche zamani zake.

Hata sisi Wakenya mto huo umetufikia. Newton na wenzake walianzisha kikundi cha wachungaji London mwaka 1783, wakikutana kuzungumza mambo ya huduma. Kutoka kikundi hicho ndipo mwaka 1799 ilizaliwa jumuiya ya kimisheni ya CMS, iliyomtuma Ludwig Krapf akafika Mombasa mwaka 1844, na iliyoanzisha mwaka 1875 kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ukishuka stejini Kengeleni ukielekea Kisauni, jina hilo limetokana na kengele ya kijiji kile.

Nani yuko chini ya sitaha yako?

Nina maneno mawili ya kumalizia.

La kwanza ni kwako uliyeokoka juzi. Huwa mnanijia baada ya miezi mitatu, minne, mmekata tamaa. Hasira bado ipo, mdomo bado unateleza, na unaanza kusema labda hukuokoka vizuri. Mpendwa, usitupe mbegu kwa sababu haijawa mti. Kubadilishwa ni kazi ya Roho Mtakatifu, na inafanyika hatua kwa hatua. Paulo analieleza hilo katika 2 Wakorintho 3:18. Endelea na Neno, endelea na ushirika, endelea kuomba. Na wewe mama unayemlilia mwanao, kumbuka mama wa Newton hakuona hata jani moja la mti alioupanda.

La pili ni kwetu tuliokaa kwenye wokovu muda mrefu, na ni zito. Mungu alimvumilia Newton miaka mingi. Lakini gharama ya kuchelewa kwake ililipwa na watu wengine. Wale wavulana waliobanwa vidole hawakuwa na miaka 40 ya kumngoja akue. Walikuwa na siku ile tu. Basi mtu asichukue habari hizi akasema, Mungu bado ananishughulikia, nitafika polepole. Kama kukawia kwako kunamuumiza mtu, huyo mtu anakulilia leo, na Mungu anamsikia leo.

Kwa hiyo swali langu halihusu pombe uliyoacha. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Swali ni hili: unapoinua mikono juu ya sitaha, nani yuko chini? Kuna msichana wa kazi nyumbani kwako ambaye hajalipwa miezi miwili, analala jikoni, na wewe uko kwaya? Kuna mtoto wa kambo anayekula akiwa wa mwisho? Kuna wafanyakazi unaowakata mshahara halafu unaleta sadaka nono? Kuna wasichana uliochukua pesa zao ukiwaahidi kazi Ghuba, na simu zao hushiki tena? Hayo mambo yanaweza kuwa ya kawaida mtaani, kila mtu anayafanya, hata sheria haijakushika. Meli za Newton pia zilikuwa na karatasi zote.

Zakayo alipoguswa hakungoja. Siku ileile alitaja pesa, akataja watu aliowadhulumu, akataja hesabu ya kurudisha. Sisi tuna neema ileile. Wiki hii kaa kimya mbele za Bwana kama yule kipofu, umwambie ukweli wa unachokiona. Kama watu bado wanaonekana kama miti, usiondoke. Mwombe aweke mikono tena. Halafu ukiona, nenda ukalipe, nenda ukaombe msamaha, nenda ukafungue pingu.

Tuombe

Baba, asante kwa mguso wa kwanza uliotutoa gizani. Hatutaki kukaa hapo. Tufungue macho tuwaone watu ulioweka mikononi mwetu, hasa wale wasioweza kujitetea. Tuonyeshe tuliowaumiza bila kujua, na utupe nguvu ya kurekebisha tukiwa bado na muda. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani

1. Soma Marko 8:22–25 na Luka 19:1–10. Zakayo na kipofu wa Bethsaida wanafanana wapi, na wanatofautiana wapi?
2. Ni jambo gani linaonekana la kawaida mtaani kwetu, lakini Mungu analiona kuwa dhuluma?
3. Kila mmoja amtaje moyoni mtu mmoja aliye chini ya mamlaka yake, na aamue atamfanyia nini kabla ya Jumapili.